Mgongo Wangu Kati ya Picha za Majani

Kanisani nilipewa dakika tano za kushuhudia. Tatu nilizimaliza nikitafuta leso, na mbili nikiitumia. Kina mama wakanikalisha kwa wimbo, na hakuna aliyejua hasa nilipona nini. Kwa hiyo nimeketi kuandika, nikiwa na afya yangu na kikombe cha chai, ili mwenye jambo mwilini analolinyamazia asome akiwa peke yake na asione haya.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kuonewa wivu. Nilikuwa nimestaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya uuguzi katika nyumba ya wazee huku ughaibuni, mjini Coon Rapids. Mimi na mume wangu, Baba Grace, tunaishi Richfield, karibu sana na uwanja wa ndege, hata mtu akitupigia simu humwambia asubiri ndege ipite. Binti yetu Grace ana nyumba kubwa Eden Prairie na kila mwezi hutuuliza kwa nini hatuhamii kwake. Tunamwambia tutafikiria.

Wenzangu kazini waliniaga kwa kamera ndogo. Sikuwa mpiga picha, lakini nilijikuta nimependa. Baba Grace ana presha ya macho na aliacha kuendesha gari miaka minne iliyopita. Uso wangu anauona kama ukungu, ila rangi bado anaziona, hasa zikiwa nyingi pamoja. Basi kila mwaka majani yanapogeuka rangi nampeleka mashambani, tunafuata barabara za kando ya mto Mississippi kuelekea kusini, yeye akitazama vilima vyekundu, mimi nikisimama kila baada ya maili mbili kupiga picha. Hizo ndizo siku ninazomwona akicheka kama zamani.

Nyumbani tunasoma vita. Mzee mmoja niliyemhudumia, aliyekuwa mwanajeshi ujanani, aliniachia sanduku zima la kumbukumbu zilizoandikwa na askari na wauguzi wa vitani. Nilikuwa nikimsomea jioni, naye akinisahihisha majina ya miji. Alipofariki, familia yake ikaniletea sanduku. Baba Grace husema si kawaida nyanya wa kanisa kulala na mizinga kitandani, lakini nikimsomea kwa sauti hujifanya amelala mpaka sura iishe. Nikifunga kitabu mapema, anaguna.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa picha. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Niliona mti mwekundu kando ya banda la mkulima, nikalala chali kwenye nyasi ndefu ili niyapige picha matawi kutoka chini. Baba Grace akaniita kutoka kwenye gari: "Mama Grace, inuka! Watu watadhani umekufa." Picha ilitoka nzuri sana.

Wiki moja baadaye mgongo ukaanza kuwasha chini ya bega la kushoto. Kwa kioo sikuona vizuri, na kumwuliza Baba Grace ni kumwonea. Nikampa kamera nikamwambia abonyeze tu nikimwelekeza. Alipiga tano. Mbili ni za pazia, moja ni ya sikio langu, moja giza tupu, lakini ya tano ilinasa. Kulikuwa na duara pana kama kisosi, ukingo wake mweusi kuliko ngozi yangu, katikati pamepauka. Wekundu wowote sikuuona. Nikasema hii ni choa, ile tuliyoiita mashilingi utotoni. Nikanunua dawa ya kupaka, nikaona haya kidogo, muuguzi mzima kupata choa uzeeni, na sikumwambia mtu. Baada ya siku kumi duara likafifia, nikajipongeza.

Kisha ikaja homa. Viungo vikauma, shingo ikakaza, jasho likalowesha shuka mara tatu. Nikasema ni mafua. Homa ikaisha, lakini nguvu hazikurudi. Ngazi za kwetu ni kumi na nne, nami nikawa napumzika katikati kama mtu aliyebeba gunia. Moyo ulikuwa ukipiga kwa kishindo, kisha unasita, kisha unapiga tena.

"Mama Grace, hii kupumua yako si ya kawaida," Baba Grace akasema. "Si twende hospitali?"

"Nani hapa ni nesi?"

"Ni wewe."

"Basi."

Nilijipima mapigo. Yalikuwa arobaini na mbili kwa dakika. Ningeyaona hayo kwa mgonjwa wangu, ningekimbia kumwita daktari. Kwangu nilifanya nini? Nilijiambia kwamba sisi Wakenya tuna mioyo ya wakimbiaji, mapigo yetu ni ya polepole. Mimi, ambaye mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafuata basi, na basi likaniacha! Mganga hajigangi, na mimi ni shahidi.

Wiki ya mwisho ya Oktoba tulitoka tena, kwa sababu Baba Grace alikuwa amehesabu siku na majani yalikuwa yanakwisha. Hapa nitasema jambo ambalo kanisani nisingelisema hata kwa dakika hamsini. Tukiwa barabarani, macho yangu yaliingia giza. Ilikuwa sekunde mbili, labda tatu. Nilipoona tena, usukani ulikuwa mkononi na barabara bado iko mbele. Nikanyamaza. Baada ya muda giza likarudi, likaondoka, na nikanyamaza tena. Mume wangu alikuwa kando yangu, mikono magotini, akitazama rangi.

Nusu saa baadaye nilisimamisha gari nipige picha ya bata mtoni. Nilichutama, nikainuka, na hapo sikumbuki tena. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye changarawe, mdomo una damu kwa kuuma ulimi, nguo imelowa mkojo. Baba Grace alikuwa amepiga magoti akinipapasa uso na kuongea na watu wa dharura kwenye simu. Hakuweza kuwaeleza tulipo, kwa kuwa hawezi kusoma vibao. Mwenye lori aliyesimama ndiye aliyewaelekeza. Sijawahi kumsikia mume wangu akiwa na sauti kama ile, na sitaki kuisikia tena.

Hospitali kubwa ya Saint Paul walinivisha waya kifuani, wakatazama karatasi, wakatazamana. Mapigo yalikuwa thelathini na moja. Daktari wa moyo, mama mpole mwenye mvi, alikaa kitandani kwangu.

"Umeme wa moyo wako haufiki chini," akasema. "Chumba cha juu kinapiga chake na cha chini chake, kama watu wawili walionuniana. Tutakupitishia waya wa muda shingoni usaidie. Hali isipobadilika, tutakuwekea kifaa cha kudumu kifuani."

Kisha akauliza kama nimeumwa na kupe.

Ndugu zangu, baba yangu mzazi alikuwa mlinzi wa josho la ng'ombe huko Njoro. Nimeng'oa kupe wengi kuliko siku nilizokaa darasani. Kupe nimjuaye ananona kama harage. Mtoto wa josho aumwe na kupe asijue? Nikamjibu daktari, tena kwa kujivuna: "Hapana." Akauliza kama nimekuwa na alama yoyote kwenye ngozi. Nikakumbuka choa yangu, nikaona haya, na isitoshe ilikuwa imepona. Nikasema hapana tena. Kuhusu homa nikasema mafua. Niliwapa watu walionishikia uhai majibu matatu, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Siku mbili nililala na waya shingoni, nikikatazwa hata kugeuka. Kila mashine ilipolia nilidhani ni mimi. Niliogopa kufa, nasema wazi. Niliogopa zaidi kumwacha Baba Grace katika nyumba ambayo angesikia ndege tu. Siku ya tatu wakasema kifaa cha kudumu kitawekwa kesho yake.

Mchana huo alikuwa zamu muuguzi wa makamo aitwaye Furaha, mzaliwa wa Bukavu. Aliposikia Kiswahili changu alivuta kiti. Grace alikuwa ameniletea kamera nijiliwaze, nami nikaanza kumwonyesha Furaha majani yangu. Nilijisifu sana siku hiyo. Mti huu, mto huu, banda hili. Nilikuwa nikibonyeza haraka, pazia likapita, sikio likapita.

"Ngoja, Maman," akasema kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani. "Rudisha nyuma. Hii mugongo ni ya nani?"

"Wangu. Ni choa, ilishapona."

Akakuza picha, akaileta karibu na macho yake. "Dokta aliona hii?"

"Choa nayo ya kumwonyesha daktari wa moyo?"

"Mais, Maman! Hii haiko choa." Alisimama na kamera yangu, na viatu vyake nikavisikia vikikimbia koridoni.

Daktari akaja na wenzake wawili, wakanigeuza taratibu, wakaitazama picha, wakaniuliza upya. Safari hii niliwaambia yote: nyasi, kuwashwa, homa, jasho, mapigo arobaini na mbili niliyoyaficha. Daktari hakunigombeza. Alisema kupe wa huku, yule wa kulungu, anaweza kuwa mdogo kama ufuta, ananyonya, anaanguka, na mwenyewe hujui. Ugonjwa anaouacha huitwa Lyme, na wakati mwingine hushambulia moyo. Tena kwenye ngozi nyeusi lile duara halionekani jekundu kama vitabu vinavyolionyesha. Alichukua damu, akaanza dawa ya kuua bakteria kwenye mshipa saa ile ile, na akaahirisha kifaa cha kudumu.

"Kama ni huo," akasema, "moyo wako unaweza kupona wenyewe."

Jioni Baba Grace alipoelezwa, akasema, "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulidhani wanatania." Grace akacheka hadi nesi akachungulia. Mimi nilikatazwa kucheka kwa sababu ya waya.

Siku ya kwanza ya dawa hapakuwa na mabadiliko. Ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne mapigo yangu mwenyewe yalifika arobaini na nane bila kusaidiwa. Majibu ya damu yakarudi: ni Lyme kweli. Siku ya saba yalikuwa sitini na sita, na vyumba vya moyo vikawa vinasemezana. Walipouvuta ule waya shingoni, nilihisi kitu baridi kikiteleza, kisha hakuna kitu. Nilifurahi mpaka nikaomba uji, na niliunywa wote.

Katika siku zile nilikuwa nikisoma kitabu kimoja cha lile sanduku. Mna askari aliyejeruhiwa mguu, akaficha, akatembea na wenzake siku tatu. Nyumbani nilikuwa nimempigia mstari wa penseli kwa kumsifu. Kitandani nikasoma ukurasa unaofuata, ambao niliupita mbio mara ya kwanza. Siku ya nne alianguka, watu wanne wakalazimika kumbeba, na mmoja wa hao wanne hakurudi. Nilikiweka kitabu chini nikatazama kiti cha wageni, ambapo Baba Grace alikuwa amesinzia na fimbo yake.

Nikamwamsha. Nikamwambia habari ya lile giza barabarani, mara zote mbili. Nikamwambia ningeweza kumwua.

Hakustuka. "Nilisikia," akasema. "Gari liligusa yale matuta ya ukingoni, yale yanayonguruma. Mara mbili. Macho ndiyo mabovu, Mama Grace. Masikio ni mazima."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuendesha. Nikaona mwaka mzima nitakaa nyumbani. Nikajiambia, wacha tufike."

Nilikasirika, kwa dakika moja hivi, kisha nikaona sina haki. Tulikuwa watu wawili ndani ya gari moja, kila mmoja ameficha lake, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake. Tulishikana mikono tukalia kama watoto, na Grace alipoingia akadhani moyo umegoma tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Furaha nampikia chapati kila mwezi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilibakisha usiku mmoja tu kufunguliwa kifua bila sababu. Ukitoka kwenye nyasi, mtu akutazame mgongo, na usisubiri kuona wekundu. Daktari akikuuliza, mweleze hata lile unaloliona dogo au la aibu. Na wewe unayekaa na mgonjwa, ukisikia kitu, sema, hata kama utakosa safari.

Baada ya wiki kadhaa na vipimo vingi niliruhusiwa tena kuendesha, na mwaka huu majani yameshaanza kugeuka. Siku hizi hatuondoki mpaka tufanye jambo moja. Nikishafunga mkanda, Baba Grace hunishika kifundo cha mkono na kutafuta mshipa kwa vidole viwili. Saa haioni, kwa hiyo mimi huitazama na kusema "anza", naye huhesabu kwa sauti mpaka niseme "basi". Jumamosi iliyopita alifika sabini na moja. Akanirudishia mkono wangu pajani, akageuza uso wake kuelekea kwenye kioo cha mbele.

"Haya," akasema. "Washa gari."