Siku Nilimuzika Shemeji Yangu Muzima

Municheke tu, maana tangu siku ile mimi mwenyewe najionea haya. Shemeji yangu Ramazani (kaka ya bibi yangu Mama Zaina, mutu wa maneno matamu) alikopa franga kwa kampuni ya mikopo, akaandikisha namba yangu, halafu telefone yake akaizima. Weee! Asubuhi dada wa kampuni, magaribi dada wa kampuni: "Papa Zaina, Ramazani iko wapi?" Vita zote zilipita hapa Kindu sikutoka kwangu, lakini simu ya yule dada nilikuwa naikimbia mpaka chooni.

Basi Ijumaa moja wakwe wanakuja kuposa binti yangu Zaina (mutoto anamupenda yule kijana mpaka hali chakula), mimi niko navaa kanzu, telefone inalia tena, hasira ikanipanda, nikasema, "Dada, Ramazani alisha kufa. Tuko kwenye kilio." Akanipa pole, akauliza nyumba iko wapi, nikamwelekeza, maana nani anakatalia mutu kuja kwenye kilio? Nikacheka peke yangu, nikajiona mujanja.

Kumbe nilisahau sisi Waislamu tunaulizana nini penye maiti! Wakwe wamekaa kwenye mukeka, pilau inanukia, mukubwa wao njo kwanza anafungua kinywa, pikipiki ikasimama mulangoni, dada wa kampuni akashuka amejifunika kitambaa, sura ya huzuni kabisa. "Poleni na musiba. Nakuja kusikia nani kati ya ndugu anasimamia deni ya marehemu Ramazani, asilale nayo kaburini."

Mama Zaina, kule jikoni, akasikia jina ya kaka yake, akatupa mwiko, akapiga yowe, majirani wakaingia wanalia, Zaina analia kuwashinda maana anaona posa yake inaharibika, na mimi (mujinga gani!) badala ya kusema ukweli nikaanza kujipangusa macho.

Hapo Ramazani akaingia, kanzu nyeupe, anafuata pilau. "Eh! Nani alikufa?"

Dada akamushika mukono palepale. Wakwe wakaanza kutafuta viatu. Mukubwa wao akaniangalia toka juu mpaka chini: "Papa Zaina, shemeji yako muzima unamuzika. Sisi wazee wagonjwa-wagonjwa utatufanya nini?"

Nilienda kwao kuomba musamaha, kuku mukononi, na Zaina hakunisalimia mpaka wakakubali kurudi. Kuua mutu kwa mudomo, mimi, basi tena. Sasa telefone ikilia najibu mbio: "Iko muzima, dada, iko kwangu anakula. Kuja haraka, hajanawa bado."