Ndege wa Manjano kwenye Mfuko wa Penseli

Mtaani hakuna anayekumbuka jina alilopewa na mama yake. Wote humwita Mzee Futi, kwa sababu ya ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake kila siku ya Mungu, kazini, barabarani, hata msibani. Mkewe aliwahi kuapa kwamba watamzika nayo. Ni fundi cherehani wa suruali, sare za shule na magauni ya heshima, na huwezi kukaa barazani pake ukamaliza kikombe cha chai bila kumsikia akijisifu. "Nikishapima mimi, hapimi mtu nyuma yangu." Kwa miaka mingi lilikuwa neno la kweli. Hata rafiki yake, mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa barabara, alikuwa akiwaambia wateja, "Nendeni kwa Futi. Yule akikosea sentimita, usiku halali."

Basi ngoja nikueleze jinsi mtu wa namna hiyo alivyojivua nguo mwenyewe.

Ana mjukuu, msichana mwenye pengo mdomoni na maswali yasiyokwisha, ambaye akitoka shule hushinda barazani hadi mama yake arudi kutoka kazini. Mtoto huyo kazi yake ni kuchora. Penseli zake za rangi alikuwa akizibeba kwenye mfuko wa plastiki uliotoboka, na kila siku moja ilirudi imevunjika ncha, au haikurudi kabisa. Siku ile bluu ilipopotea alilia mpaka wapita njia wakauliza nani kafa.

"Nyamaza, Bibi Mdogo," Mzee Futi akamwambia. "Babu yako ni fundi au ni pambo la baraza? Nitakushonea mfuko wa penseli zako."

Kazi yenyewe si kubwa. Unakata kipande cha mstatili, unakitia bitana, unakunja sehemu ya chini iwe mfuko mmoja mrefu, kisha unapitisha mishono ya kusimama inayougawa mfuko ule katika vyumba vyembamba, kila penseli na chumba chake. Mwishoni unatia kamba ya kufungia, ukishauviringisha kama mkeka. Fundi mwenye usingizi anaweza kuushona. Na kapu la vipande chini ya meza lilikuwa limejaa pomoni, ila lote lilikuwa kijivu na kahawia, rangi za suruali na sare.

Mtoto alichungulia kapuni, akakunja uso. "Babu, hizi ni rangi za mvua."

Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha mwalimu mmoja, kijani kibichi chenye ndege wa manjano. Gauni lake lilikuwa limekwisha kukatwa na kuunganishwa, limetundikwa ukutani likingoja vifungo. Kilichobaki mezani kilikuwa kipande kipana, kizuri, nacho kilikuwa na maagizo yake. "Kitakachobaki nishonee kilemba, fundi," mwalimu alikuwa amesema. "Mdogo wangu anaolewa, nataka nipendeze kuanzia kichwani."

"Hawa ndege ni wa nani?" mtoto akauliza, akiwagusa kwa kidole mmoja mmoja.

Mafundi wana msemo wao, kwamba kinachoanguka sakafuni ni cha fundi. Ni desturi ya kazi, wateja wanaijua na wanaivumilia. Lakini kipande kile hakikuwa kimeanguka. Kilikuwa mezani, kimenyooshwa, kina mwenyewe. Mzee Futi akakitazama, akamtazama mjukuu wake. Kisha, na hapa simwonei hata kidogo, akakisukuma kwa kiwiko kikaanguka.

"Wako," akasema.

Labda mkono ulikuwa umeshaanza kumsuta, maana kazi ile ndogo ilimshinda. Alipima unene wa penseli kwa macho akapitisha mishono, akasahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa kwanza analijua, kwamba penseli ni ya duara na kitambaa lazima kiizunguke. Hakuna iliyoingia. Ikambidi afumue yote na kushona upya, akiwa ameitia penseli ndani ya kitambaa safari hii. Mfuko ukapendeza. Lakini uzi ukifumuliwa matundu hubaki, na kwenye migongo ya wale ndege palikuwa na mistari ya vitundu vidogo ambavyo pasi haikuweza kuvifuta. Mtoto hakuviona. Alimkumbatia babu yake miguuni akakataa kumwachia.

Mwalimu alipokuja kuchukua gauni, aliuliza kilemba.

"Kitambaa hakikutosha, mwalimu," Mzee Futi akasema. Angeishia hapo, lingekuwa kosa moja. Lakini mwongo hapendi kusimama peke yake, hutafuta mtu wa kumwegemea. "Labda dukani walikupimia haraka haraka."

Mwalimu akalichukua gauni lake. Alivuka barabara moja kwa moja, na baada ya muda sauti yake ikasikika hadi barazani. "Mtu mzima na mvi zako, unapunja watu! Unawapunja wangapi kwa siku?" Watu wakasimama kutazama. Mwenye duka alikuwa akijibu kwa upole, "Dada yangu, naapa, nimekupimia kamili," na kila alipoapa alizidi kuonekana mwongo. Mzee Futi alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu zake zote ili asisikie. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Jioni ile ile mwenye duka akavuka barabara na kipimio chake mkononi, ule ubao wa mita alioachiwa na baba yake, uliong'aa kwa kushikwashikwa.

"Jirani, nipimie huu," akasema. "Yule dada hakuonekana mgomvi. Macho yangu mimi siyaamini tena, nayaamini yako."

Mzee Futi akaivua futi shingoni, akailaza juu ya ubao. Ubao ukaishia juu ya alama ya mita, bila kupungua hata upana wa uzi. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lingetosha, na wangegombana, na wangepatana. Lakini aibu ikimshika mtu wa majivuno humziba mdomo kwanza, kisha humfundisha kusema jingine.

"Umelika kidogo huku mwishoni," akasema.

Mwenye duka akaupapasa ubao wa baba yake kwa kidole gumba. "Miaka yote hii," akasema polepole. "Nimewapunja watu miaka yote hii."

Kesho yake alinunua kipimio cha chuma. Ule ubao akaufanya gongo la kushikilia dirisha la duka lisianguke. Na tangu siku hiyo kila mteja alimwongezea upana wa viganja viwili, hata asiyejua sababu, akisema ni deni la zamani. Jora la ndege wa manjano likabaki limesimama pembeni likipata vumbi, kwani wanawake walikuwa wameambizana kuwa ndilo la kupunjwa. Asubuhi wazee wawili waliendelea kunywa chai ya chupa moja kama kawaida. Ila Mzee Futi alianza kuimaliza haraka, akisema ana kazi nyingi. Alikuwa na aibu, na aibu yake alikuwa akiimeza kila siku pamoja na chai ile.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu yule alikuwa akifundisha shule nyingine. Muhula mpya ulipoanza akahamishwa, na darasa alilopewa likawa la Bibi Mdogo.

Mzee Futi hakujua. Alichojua ni kwamba shule inaonyesha michoro ya watoto, mama mtu yuko kazini, na babu anatakiwa. Akapiga pasi shati, akatia futi shingoni, akaenda. Darasani michoro ilikuwa imebandikwa kuta zote, na wazazi walikuwa wamebanwa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Juu ya dawati la mbele, mfuko wa penseli ulikuwa umekunjuliwa wote uonekane. Kando yake alisimama mwalimu, amevaa lile gauni. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheusi.

Mzee Futi akatafuta mlango kwa macho. Mjukuu wake alikuwa ameshamkamata mkono.

"Huyu ndiye babu yangu!" akatangaza. Akaunyanyua mfuko, akauegemeza kwenye gauni la mwalimu, ndege kwa ndege. "Ona, babu! Ndege wangu na wa mwalimu ni ndugu!"

Watu wakacheka. Mama mmoja, mteja wa zamani, hakucheka. Alitazama gauni, akatazama mfuko, akamgeukia fundi. "Kumbe!" akasema. "Na mimi uliniambia changu hakikutosha."

Mzee Futi alitamani ardhi ipasuke immeze. Cha mama huyo, kwa taarifa yako, hakikutosha kweli. Lakini nani angemwamini sasa?

"Kipande hiki nilimpa mimi," mwalimu akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kilibaki, nikasema kisipotee."

Mtoto akatabasamu, pengo lote nje. Wazazi wakarudi kwenye michoro. Mzee Futi angependelea kofi. Kutukanwa angejua namna ya kukubeba, lakini kufunikiwa aibu na mtu uliyemwibia, hilo hakuwa na mahali pa kuliweka. Masikio yalimwaka kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Wakati wa kuaga, mwalimu akamsindikiza hadi kwenye korido.

"Nilikiona tangu siku ya kwanza alipokileta," akasema. "Mtoto hana kosa, sikumwambia kitu. Na mimi harusi ilishapita, kilemba nimekisahau. Lakini mzee wangu, yule baba wa dukani nilimtukana mbele za watu. Kesho nakwenda kumwomba radhi. Nisingependa asikie kwangu."

"Nimekosa, mwanangu," Mzee Futi akasema. Alikuwa akiitazama sakafu.

"Mwambie yeye, baba."

Akaenda moja kwa moja, kabla miguu haijabadili shauri. Mwenye duka alikuwa ameketi ndani, dirisha limeshikiliwa na ule ubao, mwanga wa alasiri ukimwangukia mapajani.

"Jirani! Chai ya saa hizi?"

"Sikuja kunywa chai." Mzee Futi hakukaa. "Kitambaa cha yule mwalimu kilitosha. Kikabaki. Nilikichukua mimi, nikamshonea mjukuu wangu. Na ubao wako haukulika. Ni kamili. Nilikudanganya."

Nje alipita mtu akasalimia, hakujibiwa. Mwenye duka akauangalia ubao pale dirishani, kisha akamwangalia rafiki yake.

"Nilikwenda kaburini kwa baba yangu," akasema hatimaye. "Nilimwambia, baba, ulituachia kipimo cha uongo. Nikamsamehe. Mimi, nikamsamehe yeye." Akatikisa kichwa. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Mzee Futi alisimama na aibu yake. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Nikatie wale ndege. Nimshonee mwalimu kilemba chake, nikulipe wewe."

"Kata mwenyewe," mwenye duka akasema. "Si wewe ndiye Futi?"

Mzee Futi akalitoa jora pembeni, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akalikunjua juu ya kaunta. Akaivua futi shingoni. Alipima kwa uangalifu, akatia alama ya chaki, akakata, akakunja. Akakisogeza mbele ya rafiki yake.

Mwenye duka akainuka. Akaenda dirishani akautoa ubao wa baba yake, na dirisha likaanguka paa! Duka likaingia kiza. Akaufuta ubao kwa mkono wa shati, akarudi kauntani, akakikunjua kile kitambaa upya na kuulaza ubao juu yake. Akaanza kupima, taratibu, kuanzia mwanzo.

Mzee Futi akasimama upande wa wateja, futi mkononi, akingoja kuambiwa kama kipimo chake kimetimia.