Niliposhuka Dungu Kufuata Picha ya Gari

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo hata leo nikiitaja miguu yangu huanza kucheza chini ya meza. Mke wangu akiniona hivyo huniuliza ninataka kwenda wapi, nami humjibu kwamba siendi popote. Ndivyo nilivyo. Kukaa pahali pamoja nikingoja jambo litimie ni kazi iliyonishinda tangu ujana. Juzi wewe nawe uliniamkia shikamoo huku macho yako yapo kwenye simu, unasoma habari za simu nyingine itakayotoka mwezi ujao. Sikukasirika. Niliitikia marahaba, nikajikumbuka mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla kidogo ya zile mvua kubwa za El Nino. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi ya ofisini niliyoiota, nalima mpunga na wazazi wangu hapa bondeni Kilombero. Shamba letu lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Ifakara mjini. Mikono yangu ilikuwa shambani, lakini akili ilikuwa huko mjini, mtaa wa Mlabani, kwenye kibanda cha Didasi.

Didasi alikuwa fundi baiskeli, rika langu, mtu wa maneno mengi. Shemeji yake alifanya kazi kwenye treni, na kila alipopita Dar es Salaam alimwokotea majarida ya magari yaliyokwisha kusomwa na wenyewe. Didasi alikata picha akazibandika ukutani, na karibu zote zilikuwa za gari moja tu: gari la mbio la Kijerumani, la kifahari, fupi, lililoinama mgongo, lenye taa mbili za mviringo mbele na injini nyuma. Mwenzetu wa tatu alikuwa Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia huku na ng'ombe miaka michache nyuma. Masanja alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa gari hilo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Ifakara ya wakati ule ilikuwa na matrekta, malori ya mbao, Land Rover za misheni, na mabasi yaliyofika yamejaa tope hadi madirishani. Gari lile lisingevuka hata shimo la kwanza kwenye barabara ya Mang'ula. Tulilijua hilo vizuri na halikutusumbua.

Basi siku moja likaja jarida lenye habari nzito. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji, kwa kuwa wenzangu Kiingereza kiliwapiga chenga. Niliwasomea kwamba baada ya miaka mingi ya sura ileile, kiwanda kinaliunda gari upya, lote, kuanzia taa hadi injini. Na ile injini iliyokuwa ikipozwa kwa upepo, sasa ingepozwa kwa maji. Didasi aliweka spana chini.

"Wakitia maji, ule mlio umekufa," alisema.

"Mlio gani, na wewe hujausikia?" Masanja akamuuliza.

"Festo alinisomea," akanielekezea kidole mimi.

Ukurasa wa mwisho uliahidi kwamba picha za kwanza zingetoka katika toleo lijalo. Mwanangu, hiyo miezi miwili iliyofuata sikuwa mtu. Nilichora sura za gari hilo kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikafuta, nikachora tena. Nikiwa napalilia nilibishana na Didasi kichwani mwangu kuhusu taa, nikang'oa na mpunga wenyewe. Mama aliniuliza kwa upole kama kuna binti aliyenikataa. Nilisema hakuna, akabaki kunitazama.

Ndipo mguu wa baba ukavimba. Kilikuwa kidonda cha jembe alichokipuuza, kikaingia vijidudu, na madaktari wakamlaza. Mama akaenda kumuuguza. Mpunga wakati huo ulikuwa unajaza, punje nyingi bado laini, na huo ndio wakati kwelea kwelea, wale ndege wadogo wa makundi, wanaupenda kuliko wote. Kabla hatujampakia kwenye baiskeli kumpeleka mjini, baba alinishika mkono.

"Festo, nakuachia mpunga. Mwaka jana maji yalituchukulia, unajua hatuna akiba. Hiki ndicho chakula chetu. Siku kumi tu, nitarudi."

Hakuwahi kuniachia shamba peke yangu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, na wakati nasema hivyo nilikuwa namaanisha kabisa.

Kazi ya kuamia ndege haina ugumu wa mwili. Unakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, umeshika kamba zilizotandazwa shamba zima na kufungwa makopo. Wingu la ndege likija, unavuta kamba, unapiga kelele, unarusha vidonge vya udongo kwa kombeo. Wanakuja asubuhi sana na tena jioni. Mchana jua linapokuwa kali hujificha kwenye matete. Ugumu wake ni kukaa. Kwangu mimi ilikuwa adhabu.

Jirani yetu alikuwa Bibi Kandida, mjane wa Kipogoro, mwenye dungu lake umbali ambao mtu akipaza sauti anasikika. Aliishi peke yake, mwanawe wa pekee alikuwa Dar. Tulitaniana toka dungu hadi dungu, yeye akisema ndege wananiogopa kwa sababu ya sura yangu. Usiku alinipa samaki wa kuchoma. Nilimpenda, na hilo lifahamu kabla sijafika mbele.

Siku ya sita alikuja Masanja, amewaacha ng'ombe wake huko nyuma.

"Ng'wanawane, ndugu yangu, kesho shemeji anapita na jarida. Treni inafika saa saba mchana. Didasi anasema uje stesheni, la sivyo nani atatusomea?"

Nilikaa usiku kucha nikipiga hesabu za saa. Nitoke saa tano na nusu, ndege wakiwa wamepumzika. Saa saba stesheni. Saa nane niko njiani kurudi. Saa tisa na nusu niko dunguni, ndege hawajaamka. Mpango ulikuwa safi. Sasa jiulize, kama mpango ulikuwa safi kiasi hicho, kwa nini sikumwambia Bibi Kandida? Njia ya kawaida ilipita mbele ya dungu lake. Mimi niliibeba baiskeli begani nikazunguka nyuma kwenye matete, nimeinama, mpaka nilipofika barabarani.

Treni haikufika saa saba. Haikufika saa nane. Stesheni ilijaa watu na magunia na kuku, na kila mmoja alikuwa ametulia isipokuwa mimi. Nilitembea toka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho, nikarudi, nikatembea tena. Saa tisa nilishika usukani wa baiskeli niondoke.

"Umengoja miezi miwili," Didasi alisema, "utashindwa nusu saa?"

Nikakaa. Baada ya nusu saa nikasimama, halafu nikakaa tena. Nilijua jua liko wapi na nilijua ndege wako wapi, na bado niliona kwamba nikiondoka sasa nitakuwa nimeupoteza mchana wote bure. Mwanangu, hapo ndipo mtu anapopotea kabisa, anapongoja kwa sababu tu amekwisha kungoja.

Treni iliingia karibu saa kumi na moja. Shemeji alishuka akatukabidhi jarida, tukalifungua pale pale juu ya gunia la mtu. Picha ilikuwepo, ukurasa mzima. Gari lilikuwa barabarani, na lilikuwa limefunikwa. Walikuwa wamelivika turubai jeusi na kulibandika mikanda ya gundi mbele na nyuma, isionekane taa wala mgongo. Kilichoonekana ni matairi. Niliwasomea maneno ya chini: kiwanda bado kinaificha sura yake, wasomaji wasubiri matoleo yajayo.

Kisha Didasi akasema, "Lakini matairi ni mapana."

Na hapa ndipo ninapoona haya hadi leo. Sikuondoka. Nilisimama robo saa nzima nikibishana nao kama uvimbe ule chini ya turubai ni taa ya mviringo au ya namna nyingine. Ndipo nikapanda baiskeli.

Nilifika jua linazama. Shamba lilikuwa kimya, hakuna ndege hata mmoja, nikashusha pumzi. Nikaingia kwenye mpunga upande wa mbali. Nilishika masuke yakawa mepesi mkononi, makapi matupu, na chini kumetapakaa punje zilizodondoshwa. Nikaenda mbele zaidi, hali ni ile ile. Lakini kuanzia katikati ya shamba kuja huku, mpunga ulikuwa umesimama mzima. Sikuelewa. Ndipo nikamwona Bibi Kandida ameketi juu ya tuta la shamba letu, miguu imejaa tope, kamba zetu za makopo bado ziko mkononi mwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa imekauka hata nilimsikia kwa shida. "Nilidhani umeanguka na homa humo dunguni. Nimekuita, nimekuita. Nikaja kukutazama, sikukuta mtu, na ndege walikuwa wameshashuka. Basi nikabaki huku."

"Na kwako?"

Alielekeza kidevu upande wa shamba lake. Mwanamke mmoja hawezi kukaa kwenye madungu mawili.

Aliniuliza nilikuwa wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikwenda kuona picha ya gari.

"Gari la nani?"

"La watu wa Ulaya."

"Umeliona?"

"Lilikuwa limefunikwa."

Nilitamani acheke, hata anitukane. Aliniangalia tu. "Ulipita wapi hata nisikuone?"

"Nyuma. Kwenye matete."

"Festo," alisema, "kwenda sikuulizi. Nanyi ni vijana, mnakwenda. Ninachokuuliza ni kwa nini ulinipita kwa kuinama. Nilikuwepo. Ungesema, Bibi nina safari, ningemwomba mtu wa shamba lile pale akukalie. Umeona haya kuniaga, hukuona haya kuniachia mzigo."

Aliinuka, akanikabidhi kamba, akaenda zake.

Baba alirudi siku ya kumi kama alivyoahidi, anatembelea fimbo. Alilitazama shamba muda mrefu. Akamuuliza Bibi Kandida, naye akajibu kwamba ndege mwaka huu walikuwa wengi mno, hakuongeza neno. Baba akanigeukia akasema nimejitahidi, kijana mmoja dhidi ya ndege wote wale kuokoa nusu ya shamba si mchezo. Mwanangu, sijawahi kuumizwa na tusi kama nilivyoumizwa na sifa ile. Siku tatu sikula vizuri. Nilisimama, nikaketi, nikaenda mtoni bila ndoo.

Siku ya nne nilimwambia. Tulikuwa tumeanza kukata sehemu iliyowahi kukomaa, yeye amekaa juu ya debe kwa ajili ya mguu, na nilimweleza yote tangu Masanja hadi kamba za makopo. Alisimamisha kisu. Nilingoja anipige, ingawa nilikuwa mtu mzima.

"Kandida amebakiwa na nini?" Hilo ndilo swali lake pekee.

"Mpunga uliobaki hautamfikisha Krismasi."

Alivuta pumzi. "Basi huu tutaugawa naye nusu kwa nusu. Utampelekea wewe."

Nikaupeleka, safari baada ya safari, kwa baiskeli ileile. Bibi Kandida aliupokea na kunipa maji ya kunywa, na hakurudia tena maneno yake hata siku moja. Sisi chakula kilituishia mapema. Baba, ambaye daktari alimwagiza apumzike, alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu kabla mguu haujapona sawasawa. Nilimwambia akae, mimi nitaenda peke yangu, akasema midomo ni mitatu na mikono yangu ni miwili. Tukaenda pamoja. Mguu ule haukupona tena vizuri. Alichechemea hadi tulipomzika. Huenda angechechemea hata hivyo. Sikumuuliza daktari, kwa sababu niliogopa jibu.

Picha ya gari lenyewe niliiona baadaye, kibandani kwa Didasi. Taa zilikuwa zimebadilika kweli. Niliitazama kidogo nikaona ni gari zuri. Didasi tayari alikuwa anazungumzia litakalofuata.

Nasaha yangu basi ni hii. Sikukatazi kupenda vitu vizuri vilivyo mbali, na wala usimsikilize anayekwambia kwamba havikuhusu. Vilituchangamsha sana sisi, na Didasi na Masanja ni rafiki zangu hadi leo. Lakini jambo linalokuja halikuhitaji wewe ili lije. Litakuja tu, uwepo usiwepo. Kile ulichokabidhiwa leo ndicho kinachokuhitaji, na usipokuwepo kuna mtu atasimama mahali pako bila kukwambia, naye mara nyingi ni yule asiye na nguvu za ziada. Ukishindwa kukaa, na najua utashindwa, maana umezaliwa na sisi, basi aga. Pita njia ya mbele. Sema unakwenda wapi, hata kama unakokwenda ni upuuzi na utachekwa. Na ukikosea, usikubali sifa ambayo si yako ilale nawe hata usiku mmoja.

Mungu akujalie miguu mitulivu kuliko yangu. Akupe kazi ya kulinda na watu wa kukuamini. Akupe majirani wa kukusimamia siku utakayoteleza, na siku yao ikifika, wakikuita, wakukute upo.