Chekeche Tupu la Siku ya Saba

Abdel-Tawwab alipoomba kuazima chekeche kubwa la unga pale mgahawani, mpishi mwenzake Shaaban aliacha kukata jibini akamkodolea macho.

"Mzee Toni, unataka kufungua duka la piza chumbani kwako?"

"La mtoto," alijibu Abdel-Tawwab. "Jumatatu mjukuu wangu anatimiza siku ya saba, alazwe humo kama desturi."

"Sasa, mzee, mwenye kushika chekeche si bibi wa mtoto? Wewe umekuwa bibi lini?"

"Tangu Ratiba afariki."

Shaaban akarudi kwenye jibini lake. Baadaye alilipangusa chekeche lile mwenyewe, akalifunga kwa karatasi safi, akamwekea mlangoni.

Pale mgahawani, mjini Milano, Waitalia wote humwita Toni. Jina lake la kweli lilimshinda mwajiri wake wa kwanza siku ileile ya kwanza, na Toni likamganda. Ni mtu wa Tatun, kule Fayoum, kijiji ambacho nusu ya wanaume wake wako Milano wakikanda unga, na nusu iliyobaki wanangoja zamu yao. Alifika akiwa kijana, akaosha vyombo, akahamia kwenye jiko, na sasa amekula chumvi nyingi mbele ya moto ule. Magoti yamechakaa kwa kusimama. Kiarabu chake kina mashimo, Kiitalia chake kina mashimo mengine, na mtu akimuuliza kwao ni wapi hujibu haraka mno, kama mtu anayeogopa swali la pili.

Mkewe Ratiba alikuwa na mimba Abdel-Tawwab alipomwacha Tatun. Mtoto alizaliwa, naye Abdel-Tawwab hakuwa na vibali. Kwenda kumwona ilikuwa ni kutorudi tena Milano. Siku ya saba alisimama kwenye kibanda cha simu cha stesheni, kadi mkononi, akapiga kwa muuza duka wa kijijini, maana simu ilikuwa kwake peke yake. Wanawake walikuwa wameshajazana dukani, mtoto ndani ya chekeche, dada yake Nagat na kinu cha shaba. Waliponda kinu kile kando ya simu mpaka sikio likamwasha. Alisikia zogo, vigelegele, na mama mkwe wake akimpigia mtoto kelele kama ilivyo desturi: "Msikilize mama yako! Usimsikilize baba yako!" Wanawake wakacheka, naye akacheka peke yake kibandani. Kisha Nagat akasema, "Haya kaka, na wewe mwambie mwanao neno," na hapohapo kadi ikaisha.

Neno lile halikusemwa. Alikuja kumwona mwanawe Hazem uwanja wa ndege, karatasi zilipokamilika, mtoto ameshafika miaka tisa. Mtoto alimpa mkono kama anavyopewa mgeni wa heshima. Waliishi pamoja Milano miaka mingi baada ya hapo, na hawakugombana hata siku moja, na labda kasoro yao ilikuwa hapohapo. Watu wanaopendana kwa uhakika hugombana. Hazem na baba yake walikuwa wanapeana nafasi ya kupita.

Kwa hiyo Hazem aliposema kwamba mkewe Chiara ni mjamzito, mzee alijiapia. Hili la mjukuu hatalisikia kwenye simu. Ratiba hayupo wa kuponda kinu, basi ataponda yeye, na watu wacheke wakitaka. Akamwomba mwanawe kitu kimoja tu, jambo ambalo si kawaida yake: waje kwake siku ya saba, mtoto awekwe kwenye chekeche, basi.

"Tutakuja, Baba," alisema Hazem. "Chiara mwenyewe anataka kuona."

Jumatatu mgahawa hufungwa. Abdel-Tawwab aliamka akafagia nyumba iliyokuwa imeshafagiwa. Akampigia Nagat huko Tatun.

"Gudulia umelipamba?" Nagat aliuliza. Mtoto wa kike hupambiwa gudulia la udongo, na la Abdel-Tawwab lilivalishwa utepe wa waridi na hereni za marehemu Ratiba.

"Limependeza kuliko wewe siku ya harusi yako."

"Kinyago wewe! Na kinywaji cha mama mzazi? Unga wake umeukaanga kwa samli, au kwa mafuta ya zeituni ya hao Waitalia wako?"

"Kwa samli, Nagat."

"Na vifuko vya njugu?"

"Vipo. Peremende nimetia nyingi."

"Ukiponda, ponda kwa nguvu. Mtoto lazima ashtuke, ndipo akikua asiogope kelele za dunia." Kisha sauti ikamlegea Nagat. "Laiti angekuwepo Ratiba, kaka. Angekucheka mpaka akae chini."

"Najua," alisema, akasingizia kwamba kuna mtu mlangoni.

Mlangoni hakukuwa na mtu, lakini alitoka kweli, na bakuli la chumvi. Alianza kunyunyiza kwenye ngazi kuanzia mlangoni kwake kuelekea chini, kuondoa kijicho katika njia atakayopitishwa mtoto. Hakufika mbali kabla mlango wa chini yake haujafunguliwa. Alikuwa Sinyora Pina, mjane, ambaye kwa miaka yote ya ujirani wao hajawahi kumwambia neno lisilo la malalamiko.

"Toni! Chumvi! Unamwaga chumvi mlangoni kwangu?"

"Ni kwa ajili ya mtoto, Sinyora. Ni kinga."

"Kinga! Chumvi ikimwagika ni mkosi, hata mtoto mdogo anajua!" Akachukua ufagio akaanza kuifagia kwa hasira, ngazi moja baada ya nyingine, huku akijirushia punje kadhaa nyuma ya bega kuondoa balaa. "Na saa za mapumziko ya mchana zinakaribia. Nisisikie kelele."

Abdel-Tawwab alimtazama akifagia baraka yote ile mpaka kwenye kizoleo cha taka. Angeweza kubishana. Alirudi ndani, akafunga mlango taratibu, akabaki na chumvi kiganjani.

Chakula kilikuwa tayari, kinywaji kimefunikwa, chekeche limetandikwa shali ya Ratiba katikati ya sebule, kinu kando yake. Alikuwa amevaa kanzu aliyoletewa kutoka Tatun, ile anayovaa Idi. Alikaa upande wa dirisha. Kila gari dogo jekundu lililopita lilimnyanyua kitini, maana gari la Hazem ni jekundu. Huko Bergamo wanakoishi si mbali, ni mwendo wa kusinzia kidogo tu kwenye treni. Alianza kuwatafutia sababu. Mtoto ananyonya. Wamesahau kitu, wamerudi. Barabara.

Simu ilipolia alijua kabla hajaipokea.

"Baba," alisema Hazem, na nyuma yake palikuwa na sauti za watu wengi na vijiko. "Baba, samahani sana. Chiara hakulala kabisa. Wazazi wake wamekuja toka asubuhi, na mkunga naye anasema mtoto asitolewe bado."

"Basi nije mimi. Nipande treni. Nije na chekeche."

Mzee alimsikia Hazem akitoka mahali penye watu akaingia mahali pengine penye utulivu.

"Nyumba ni ndogo, Baba, watu wamejaa. Mama yake Chiara ana wasiwasi na kelele, unajua tena. Njoo Jumapili. Au Jumatatu ijayo, tutafanya kila kitu, nakuahidi."

"Siku ya saba ni leo, mwanangu."

"Najua, Baba."

"Jumatatu ijayo haitakuwa ya saba."

"Najua."

Abdel-Tawwab aliumia. Aliumia waziwazi, kifuani, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kumlaumu kijana. Yeye alikuwa wapi siku ya saba ya Hazem? Alipiga moyo konde, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mwekee simu sikioni. Nitaponda hapahapa. Wewe ulipondewa hivyohivyo, nikasikia nikiwa huku."

"Haya, Baba. Ngoja." Nyayo, mlango, pumzi ndogo sana karibu na simu. "Niko naye. Ponda."

Aliiweka simu mezani, akapiga magoti, akashika mchi kwa mikono miwili. Akaponda. Kinu kililia kama kilivyolia siku zile, shaba kwa shaba, sebule nzima ikajaa, vikombe vikatetemeka kabatini. Aliponda mpaka jasho likamtoka, kisha akaikimbilia simu huku anahema.

"Amesikia? Ameshtuka?"

"Umeshaanza, Baba?"

"Nimeshaanza? Nimeponda mpaka mabega yananiuma!"

"Sisi huku hatusikii kitu. Aa. Nimeelewa. Simu za siku hizi zinachuja kelele, Baba. Zinapitisha sauti ya mtu tu. Kingine chochote zinakitupa."

"Zinatupa kinu?"

"Zinadhani ni fujo tu za nje."

Mzee aliiangalia ile simu, aliyonunuliwa na mwanawe huyohuyo ili waonane vizuri. Simu ya duka la Tatun, iliyokuwa imefungwa kwa kamba, ilikivusha kinu bahari nzima. Hii ilishindwa kukifikisha Bergamo.

"Basi nitafanya kwa mdomo," alisema. Akajikohoza. Akaiinamia simu, mtu mzima mwenye mvi, akaanza: "Tang! Tang! Tang!" Sauti ilikwaruza, akaona aibu, akaendelea. "Tang! Tang!"

"Baba," Hazem alimkatiza, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi. "Baba, inatosha. Amelala. Amelala muda mrefu tu."

"Amelala?"

"Kama jiwe."

"Basi usimwamshe," alisema Abdel-Tawwab. "Mama yake apumzike. Msalimie. Kinywaji chake nitakiweka kwenye jokofu." Kisha akakata simu yeye, ili asimsikie mwanawe akikata kwanza.

Alisimama katikati ya sebule. Gudulia na hereni zake. Vifuko vya njugu vimepangwa kama vitoto vya kuku. Katika chekeche, shali ya Ratiba ilikuwa bado na bonde dogo katikati, alilolitengeneza asubuhi kwa ngumi yake, kwa kukadiria ukubwa wa mtoto ambaye hajamwona ila kwenye picha.

Mama mzazi huruka chekeche mara saba, na kila mrukio kinu hupondwa. Mama mzazi hakuwepo. Abdel-Tawwab alipandisha kanzu, akashika kinu kifuani kwa mkono mmoja na mchi kwa mwingine, akainua goti bovu juu ya chekeche tupu, akavuka. Akaponda. Akageuka akavuka tena. Alijua anachekesha. Angemwona mtu mwingine akifanya hivyo angemwonea huruma na kuangalia pembeni.

"Msikilize mama yako," alimwambia mtoto asiyekuwepo, na akaponda.

Neno la pili, lile la kuwachekesha watu, hakuweza kulisema kama lilivyo. Nani angecheka? Akavuka, akaponda, akasema, "Msikilize na baba yako. Ni mtu mzuri. Nilichelewa kumjua, lakini ni mtu mzuri." Akavuka tena. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na mkono mtupu wa kuyafuta. "Na babu yako, msikilize kidogo. Kidogo tu inatosha."

Alikuwa ameshavuka mara sita, amesimama anatafuta pumzi, aliposikia mpini wa ufagio ukigonga chini ya miguu yake. Dum! Dum! Dum! Sinyora Pina, na saa zake za mapumziko. Ukasikika na ukelele wake kupitia sakafuni: "Toni! Kuna nini huko juu?"

Alitega sikio. Katika Milano yote, na Bergamo, na kwenye simu zote za dunia, mtu mmoja tu alikuwa amekisikia kinu cha mjukuu wake.

"Ni siku ya saba, Sinyora!" alipaza sauti kuelekea sakafuni. "Bado moja!"

Akavuka chekeche mara ya saba, akaponda kwa nguvu zake zote, kisha akasimama palepale, mchi mkononi, akingoja agongewe tena.