Gurudumu Msikitini

Nilipokuwa na duka Bweranyange, huko Karagwe, nilinunua baiskeli. Wapagazi waliileta kutoka Bukoba imeviringishwa kwa majani makavu ya mgomba, nami niliifungua kwa furaha. Pale mjini hakuna mwingine aliyekuwa nayo, kwa hiyo sikumwamini mtu yeyote.

Ijumaa ya kwanza niliiendesha hadi msikitini, nikipiga kengele njia nzima na kutawanya ng'ombe wa watu. Kufuli sikuwa nalo. Nikachukua spana, nikafungua gurudumu la mbele ili niingie nalo ndani. Mwizi akitaka, aibebe mabegani.

Imamu alinizuia mlangoni. "Bwana, hilo limepita kwenye mavi ya ng'ombe. Ni najisi."

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Nikaliosha kwa maji ya udhu, tairi na spoki moja moja, huku safu nzima ikigeuza shingo kunitazama. Kisha nikasali nalo ubavuni, nimejaa furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Tulipotoa salamu nilikuwa wa kwanza kukimbilia nje. Baiskeli ilikuwa pale pale, imeinamisha pua chini. Nikarudisha gurudumu, nikakaza nati, nikajiona mjanja kuliko wezi wote wa Karagwe.

Halafu nikageuka kuvaa makubadhi yangu mapya niliyoyavua mlangoni. Viatu vya wenzangu vilikuwepo vyote, vikuukuu. Vyangu havikuwepo.

Nilirudi dukani kwa baiskeli, miguu mitupu. Safari hiyo sikupiga kengele.