Siku Wakwe Walipoanua Mahindi

Harufu ya mahindi yaliyoanikwa juani ni tamu na nzito, kama uji unaoanza kuchacha, na kila Novemba ilijaa uani kwetu kijijini Kwanza, karibu na Kitale, mpaka ikaingia kwenye nguo za kanisani. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mahindi yalikuwa yamekwisha pukuchuliwa, kilichobaki ni kuomba jua, kwa maana yakilowa huota ukungu na hakuna mnunuzi atakayeyatazama. Baba, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, hakuamini mbingu, aliamini redio. Taarifa ya habari ilipokwisha alitunyamazisha sote ili amsikie mtangazaji akiigawa nchi nzima kwa pumzi moja: Pwani, Kaskazini, Nairobi, halafu sisi, tuliotupwa pamoja na nusu ya Bonde la Ufa.

Ijumaa moja redio ilisema kesho yake kungekuwa na jua, ila mvua ingenyesha alasiri katika sehemu chache. Kesho hiyo ndiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Bokoli kumposa dada yangu Wanjiru. Mama aliomba mahindi yabaki ghalani mpaka wageni waondoke. Baba alikataa, nchi hii ni kubwa, alisema, na sehemu chache haziwezi kuwa kwetu. Tukaanika yote, tukawaachia wageni kijia chembamba cha kufikia mlango.

Walifika na suti zao, viatu vinang'aa. Mzee Barasa, ami wa kijana aliyeposa, alisimama akautazama Mlima Elgon uliokuwa umejifunika wingu jeusi, akamwambia Baba kwa upole kwamba mvua inakuja. Baba akamweleza redio ilivyosema.

"Basi mkwe," Mzee Barasa akasema akivua koti, "hapa ndio hizo sehemu chache."

Tone la kwanza lilianguka kabla ya sala ya kufungua mkutano. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja hata chai. Wazee wakakamata pembe za turubai, shangazi zao wakajaza ndoo na karai, na shemeji mtarajiwa akapita mbio na gunia begani, tai ikimpepea mgongoni. Ghala likajaa, tukahamia sebuleni. Mahari ilijadiliwa wageni wakiwa wameketi juu ya mahindi, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba kila neno lilibidi lipazwe, na ni vigumu kubishania ng'ombe na mtu mliyelowa naye. Baba alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Alikohoa tu.

"Watu walioanua mahindi yangu kabla ya kupewa maji," akasema, "nitawakatalia nini?"

Siku hizi simu yangu hunionyesha mvua ya Kwanza saa kwa saa, na mahindi tunayapeleka Kitale yakakaushwe kwa mashine. Mwaka jana tuliwapokea wakwe wa mdogo wangu chini ya hema la kukodi, anga safi kabisa. Walikula vizuri, wakapiga picha, wakaondoka mapema. Mpaka leo sijui jina la hata mmoja wao.