Nilivyoingia Baharini Nikiwa na Miaka Hamsini na Miwili

Nilikulia Kericho, kwenye mashamba ya chai, ambako maji mengi niliyowahi kuyakanyaga ni ya mtoni, yanafika magotini. Hata baada ya kuhamia Toronto kufanya kazi ya uuguzi, lile ziwa kubwa nililitazama tu kupitia dirisha la basi. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia anataka tukazamie baharini pamoja huko Bonaire, kisiwa cha Karibiani, nilidhani ananitania.

"Mama, huko matumbawe bado yako hai," alisema. Yeye anasomea viumbe wa baharini. "Nataka uyaone mwenyewe."

Kwa kawaida mimi humsemesha Kiswahili, naye hunijibu Kiingereza. Siku hiyo alijikakamua akasema Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Hapo nikajua hatanii.

Majira yote ya baridi nilijifunza kuogelea kwenye bwawa lililo karibu na magorofa yetu ya mtaa wa Dixon, baada ya zamu, miguu imechoka, nikipitwa na watoto wa shule ya msingi. Kuogelea niliweza. Kilichonishinda, tulipoanza mafunzo ya kuzamia, ni ile miwani ya kuzamia, inayofunika macho na pua. Mwalimu alitaka tuivue tukiwa chini ya maji, tuivae tena, halafu tupulize kwa pua mpaka maji yatoke. Kila nikiivua, maji yanagusa pua, nami napanda juu nikikohoa.

Binti yangu alikuwa ameketi ukingoni, koti lake zito mapajani. "Mgonjwa akishikwa na hofu unamwambia nini?"

"Apumue polepole. Asikilize sauti yangu."

"Basi jiambie hivyo hivyo."

Nikashuka tena. Nikavua, nikapumua kwa mdomo kupitia mpira wa mtungi wa hewa, pole kwa pole, nikavaa, nikapuliza. Nilipofumbua macho, mwalimu alikuwa ananipigia makofi, nayo hayatoi sauti.

Bonaire tuliingia kwa kutembea kutoka ufukweni, mitungi ya hewa mgongoni. Hatua chache tu, sakafu ya bahari ikateremka ghafla chini yetu, na mteremko wote ulikuwa matumbawe: mengine yametandaza matawi, mengine ya mviringo yenye mikunjo kama ubongo, mengine ya zambarau yakipepea kama pazia. Samaki aina ya pono, wa kijani, walikuwa wakiguguna mwamba, na niliwasikia kabisa, kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani. Nikayapuliza nje, nikaendelea kutazama.

Kasa mmoja alitupita bila haraka. Binti yangu akanishika mkono, tukabaki tunaelea hapo, mimi na mtoto niliyemfundisha kutembea.

Tulipotoka, aliniuliza kama nimechoka.

"Kesho tunaingia saa ngapi?" nikamjibu.

Tuliingia kila siku wiki ile. Siku ya mwisho mimi ndiye niliyetangulia, yeye akanifuata nyuma.